Jinsi ya Kuchagua Iafoni za Waya Zenye Sauti Safi kwa Simu Yako

Kabla hujaulizia bei ya spika za masikioni, ambazo wengi tunaziita iafoni, tazama kwanza simu yako ina tundu gani. Simu yenye tundu la duara la milimita 3.5 hukubali karibu iafoni zote za waya zilizoko madukani, lakini simu nyingi za siku hizi hazina tundu hilo. Apple iliacha kuliweka kuanzia iPhone 7 ya mwaka 2016, na tangu iPhone 15 ya mwaka 2023 imehamia kwenye USB-C, tundu bapa la kuchajia ambalo simu za Android zilikuwa zimeshalizoea. Mwenye simu ya namna hiyo atanunua ama iafoni zenye pini ya USB-C, ama adapta, yaani kiunganishi kifupi cha kuchomekea iafoni za pini ya milimita 3.5 kwenye tundu la USB-C. Kwenye adapta ndipo wengi wanapopoteza fedha, kwa sababu zipo ambazo ndani yake ni waya mtupu na zinaitegemea simu itoe sauti ya analojia, yaani umeme ambao iafoni huugeuza kuwa sauti moja kwa moja, kupitia tundu la kuchajia, jambo ambalo simu nyingi haziliwezi, na zipo zenye chipu ndogo inayoigeuza sauti ya kidijitali kuwa ya analojia. Chagua yenye chipu, tena uijaribu palepale dukani kwa simu yako mwenyewe, maana hata adapta nzuri inaweza kutoa sauti ndogo kwenye simu fulani.

Ukiishika pini ya milimita 3.5 karibu na macho utaona vimikanda vimeizunguka. Vikiwa vitatu, iafoni hizo zina maiki. Vikiwa viwili, ni za kusikilizia tu. Endapo utachomeka na kusikia ala vizuri huku sauti ya mwimbaji ikiwa kama inatoka chumba cha pili, usikimbilie kuzilaumu iafoni: toa kava la simu ukandamize pini hadi mwisho. Ikiwa bado, na sauti ya mwimbaji inarudi unapobonyeza kitufe cha maiki, basi mpangilio wa pini hiyo haulingani na simu yako, nawe urudishe.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote, kuliko jina la kampuni na kuliko bei, ni jinsi iafoni zinavyokaa sikioni. Kipira cha silikoni kisipoziba tundu la sikio, besi huvuja na kubaki sauti nyembamba yenye makelele, na mnunuzi huondoka akiamini kwamba amejaribu iafoni mbovu ilhali alichokosa ni kipira cha saizi yake. Iafoni za maana huja na vipira vya angalau saizi tatu. Pitisha mkono wa kushoto nyuma ya kichwa, vuta ncha ya juu ya sikio la kulia kuelekea juu na nyuma kidogo, kisha ingiza kipira kwa mkono wa kulia huku ukikizungusha polepole, halafu liachie sikio. Mlio wa feni ya dukani unapaswa kupungua papo hapo kabla hata hujacheza wimbo wowote. Usishangae sikio moja likihitaji kipira kikubwa kuliko jingine, kwa kuwa masikio ya mtu mmoja mara nyingi hayalingani.

Kati ya namba zilizochapishwa kwenye boksi, angalia mbili tu: ukinzani (jinsi iafoni zinavyouzuia umeme), ambao kwa simu unafaa kuwa kati ya omu 16 na 32, na usikivu (jinsi zinavyotoa sauti kubwa kwa umeme kidogo), ambao ukifikia desibeli 100 au zaidi kwa miliwati moja, simu itazisukuma bila taabu. Hedifoni za studio zenye omu 250 zitanong'ona tu kwenye simu. Maandishi ya kwamba zinafika hezi 40,000 hayathibitishi ubora wowote, kwani sikio la binadamu huishia takriban hezi 20,000. Vilevile wingi wa vispika ndani ya kila upande si kigezo. Moondrop Chu ya mwaka 2022, iliyouzwa kwa takriban dola 20, ina kispika kimoja tu kila upande na inasifiwa kwa usawa wa sauti yake.

Nenda dukani na wimbo unaoujua kwa moyo, uliohifadhiwa kwenye simu yako. Mimi hupendelea taarabu, kwa sababu ganuni, fidla na akodiani hupiga pamoja, na iafoni nzuri hukuwezesha kufuata kila ala peke yake huku maneno ya mwimbaji yakibaki wazi. Besi ikimfunika mwimbaji, ziache. Kisha sikiliza msomaji wa habari kwa dakika mbili: herufi za "s" na "sh" zikichoma sikio, zitakuchosha kabla ya safari kwisha. Wakati sauti inaendelea, tikisa waya pale unapotokea kwenye pini na pale unapogawanyika kwenda masikioni, kwa sababu ndipo unapokatikia. Upande mmoja ukikatakata hata mara moja, usinunue. Ukimudu, chukua zenye waya unaochomoka, ili waya ukifa ubadilishe waya peke yake. Mwisho piga simu moja na umuulize unayezungumza naye kama anakusikia vizuri.

Kipira kinachoziba vizuri hukupunguzia pia haja ya kupandisha sauti ndani ya daladala. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80, na muda huo hupungua haraka kadiri sauti inavyopanda. Vipira vya ziada vihifadhi, na vile unavyotumia vichomoe mara kwa mara uvioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, uvikaushe kabisa ndipo uvirudishe.