Namna ya kuanzisha kundi la vijana wasomaji kwenye maktaba ya umma

Ingia maktaba ya mkoa saa tisa alasiri, shule zikishatoka. Viti vimejaa. Sare za kila rangi, madaftari wazi, pasti pepa zilizokunjwakunjwa mpaka zimechakaa. Pita taratibu uhesabu wangapi wameshika kitabu cha maktaba: utapata wawili, pengine watatu. Wengine wote wamekuja na notisi zao, wanasoma notisi zao na wataondoka nazo.

Kwetu kulikuwa na mvulana wa Kidato cha Tatu aliyekaa kiti kile kile cha dirishani, daftari la Fizikia mbele yake, muhula mzima. Siku moja alinifuata kaunta, akaniamkia, kisha akauliza kwa sauti ya chini: "Madam, vile vitabu vya kule nyuma vinaruhusiwa kushikwa?" Muhula mzima alikuwa hatua kumi kutoka kwenye hadithi, na hakuna aliyemwambia kwamba ni zake. Swali lile ndilo lililonifanya nianzishe kundi la wasomaji. Haya ninayoyaandika ni kwa mkutubi mwenzangu, au mwalimu wa Kiswahili aliye jirani na maktaba, anayetaka kufanya hivyo hivyo bila bajeti ya maana.

Hatua ya 1: Watazame wiki mbili kabla ya kutangaza chochote

Chukua daftari uandike nani huja siku gani, hukaa wapi, huondoka saa ngapi. Usiruke hatua hii. Mimi niliporuka, nilipanga saa kumi na moja jioni na nikapata wavulana watupu. Wasichana walikuwa wanaanza kufunga mikoba saa kumi na nusu, kwa kuwa nyumbani kuna maji ya kuchota na jiko linawasubiri. Jumamosi asubuhi wengi wana tuisheni. Daftari ndilo lililoniambia kwamba saa yetu ni Jumatano, saa tisa na nusu hadi saa kumi na nusu, na hatujaihamisha tangu hapo.

Kalenda ya shule nayo ina mambo yake. Wanaosoma bweni utawaona Juni na Desemba tu. Kidato cha Nne wana mtihani wa taifa Novemba, kwa hiyo kuanzia Septemba usiwadai mahudhurio, waache na pasti pepa zao. Lakini mwezi huo huo wa Septemba darasa la saba wanamaliza mtihani wao, na hadi Januari wako nyumbani, hawana shule wala kazi ya shule. Hao ndio wasomaji wenye njaa kuliko wote nimewahi kuwaona, na karibu kila mtu huwasahau.

Hatua ya 2: Omba ruhusa na mahali pa kupigia kelele

Mwandikie mkuu wa maktaba barua ya ukurasa mmoja. Kama upo Tanzania, mkumbushe kwamba Sheria ya Bodi ya Huduma za Maktaba, Na. 6 ya 1975, haikuishia kwenye majengo na vitabu, ilitaja pia kuamsha hamu ya wananchi katika fasihi ya Kitanzania. Barua ikisimama juu ya sheria husomwa kwa makini zaidi.

Wasiwasi wake utakuwa kelele, na ana haki, maana kuna watu wazima wanaosoma. Omba sehemu ya watoto au baraza ya nje. Ukipewa sehemu ya watoto, leta mkeka. Vile viti vidogo humkalisha kijana wa miaka 16 magoti yakigusa kidevu, naye hatarudi wiki ijayo hata kama hadithi ilikuwa tamu. Mweleze na mlinzi wa mlangoni, asije akawatoa watoto nje kwa kosa la kucheka. Na siku zote muwe watu wazima wawili, mlango wazi. Mzazi akija ghafla aone kila kitu.

Hatua ya 3: Vitoe vitabu mafichoni

Nilipokuwa chuoni Bagamoyo nilifundishwa uainishaji wa Dewey, yaani kupanga vitabu rafuni kwa nambari za masomo, na miaka yote nikaupanga kama nilivyofundishwa. Kundi hili ndilo lililonifanya niutazame kwa macho ya kijana. Katika Dewey, fasihi ya Kiingereza ya Uingereza imepewa nambari zote za 820. Fasihi ya lugha nyingi za Kiafrika, kuanzia Kiyoruba mpaka Kizulu, imebanwa kwenye nambari moja, 896, na ya Kiswahili ipo 896.392. Kwenye rafu maana yake ni kwamba riwaya zetu zipo karibu na mwisho wa fasihi, mara nyingi rafu ya chini kwenye kona, kabla tu ya nambari za historia na jiografia kuanza. Kijana anayekuja kutafuta jedwali la Fizikia kwenye 530 hana sababu yoyote duniani ya kufika huko.

Nambari usizibadilishe. Vitoe vitabu. Tafuta meza ndogo, uiweke kwenye njia wanayopita wakitoka mlangoni kwenda vitini, na upange juu yake vitabu 15 hivi, majalada yakitazama juu. Changanya: riwaya za upelelezi, mashairi, vitabu vya soka kutoka 796, maisha ya watu mashuhuri kutoka 920, hata cha mapishi. Kisha weka karatasi yenye maneno haya kwa herufi kubwa: SHIKA, FUNGUA, SOMA. Kuta zetu zimejaa makatazo: mkoba uache mlangoni, kimya, usirudishe kitabu rafuni. Kijana aliyekulia kwenye makatazo anahitaji kuona ruhusa imeandikwa.

Badilisha vitabu kila baada ya wiki mbili. Kabla ya kukiweka kitabu mezani, fungua nyuma utazame karatasi ya tarehe, uandike muhuri wa mwisho wa kuazimwa ni wa lini. Riwaya moja niliyoiweka mezani haikuwa imegongwa muhuri kwa zaidi ya miaka tisa.

Hatua ya 4: Soma kwa sauti, kisha kata

Hapa ndipo penye kazi yote. Kikao changu cha kwanza kilikuwa na mgeni rasmi, soda, na hotuba ndefu kuhusu faida za kusoma. Vijana 31 walikuja. Wiki iliyofuata walikuja wanne. Nilikaa nikatafakari sana, kwa sababu nilikuwa nimewaita kwa ajili ya hadithi na sikuwapa hata ukurasa mmoja.

Sasa kikao kinaanza kwa salamu, na salamu zikiisha nafungua kitabu. Nasoma dakika 12 hadi 15, zaidi ya hapo masikio yanachoka. Kitabu nilichoanzia ni Mzimu wa Watu wa Kale cha Muhammed Said Abdulla, kilichotoka 1960. Nilikichagua kwa sababu ni cha upelelezi, kuna mtu ameuawa, na mpelelezi Bwana Msa hana haraka: anamsikiliza kila mtu, anavuta tumbaku kwa kiko chake, anafikiri. Msikilizaji naye anaanza kufikiri.

Soma nyumbani mara mbili kabla ya kikao, kwa sauti. Weka alama ya penseli kwenye karatasi yako, kamwe si kwenye kitabu, mahali utakaposimama. Mahali penyewe pawe pale mtu anapokaribia kusema jambo na bado hajalisema. Ukifika hapo, funga kitabu. Watalalamika. "Aa, Madam! Malizia hiyo moja tu!" Usimalizie. Weka kitabu mezani na uwaambie kipo, kina nakala ngapi, na kaunta inafungwa saa ngapi. Kesho yake asubuhi, kabla hata sijawasha feni, kulikuwa na msichana mlangoni kwenye sare yake, anachelewa shule, anataka tu kujua nani aliua. Sikumwambia. Nilimwandikia kadi.

Kiswahili cha kitabu hiki ni cha Unguja ya miaka ile, nacho kina maneno ambayo vijana wa bara hawajayasikia, na hilo ni zuri. Tulipofika kwenye kiko, kijana mmoja akauliza, "Kiko wapi?" Hakuwa anatania. Aliposikia "kiko chake" alidhani sentensi haijaisha. Ndipo nilipoweka Kamusi ya Kiswahili Sanifu katikati ya mkeka na kila wiki kumpa mmoja wao kazi ya kuishika. Neno gumu likipita, yeye hulitafuta na kutusomea. Mwenye kamusi hupata heshima ya namna yake, na nimegundua kwamba ukimpa kijana mwenye aibu kazi hiyo, ndani ya wiki tatu anaongea.

Baada ya wiki nne au tano, waachie wao kusoma. Asiye tayari asilazimishwe, maana wapo wanaosoma kwa kusitasita na wanalijua hilo. Wape wawili wawili mazungumzo ya kwenye riwaya, kila mmoja mhusika wake, na uwaonyeshe siku moja kabla.

Kitabu cha kwanza kisiwe kile kilichomo kwenye mtaala wao. Vitabu vya mtihani ni vizuri, baadhi ni vizuri mno, lakini kijana anapokiona mkononi mwako tayari anasikia "dhamira, wahusika, mandhari", na mabega yanashuka.

Hatua ya 5: Nakala hazitoshi, panga zamu

Utakuwa na vijana 18 na nakala tatu. Usitoe kopi ya kitabu kizima. Mwandishi wa Kiswahili anauza nakala chache kiasi hicho, halafu sisi tunaotunza vitabu ndio tuanze kumnyima haki yake?

Fungua daftari la zamu pale kaunta. Kwa vitabu vya kundi, muda wa kuazima uwe siku tatu badala ya wiki mbili, na anayerudisha ndiye anayempelekea habari anayefuata. Wanafuatana wenyewe shuleni: "Leta kitabu bwana, kesho zamu yangu." Wiki ya kwanza nilihofia upotevu. Kwa miaka miwili tumepoteza vitabu viwili, na kimoja kililowa mvua. Kwa wasio na kadi, wasomee hapo hapo kwenye mkeka kabla ya kikao.

Simu isiwe sharti la kitu chochote. Tuliwahi kutangazia kwenye kundi la WhatsApp tu, na tukawaacha nje wale wale tuliowataka zaidi, ambao simu pekee ya nyumbani ni ya baba na baba yupo safarini. Tangazo la karatasi mlangoni linawafikia wote.

Hatua ya 6: Ongea nao bila kufundisha

Uliza maswali ambayo wewe mwenyewe hujui jibu lake. "Ungekuwa wewe, ungemwambia mama?" ni swali. "Taja sifa tatu za mhusika mkuu" ni zoezi. Wakitofautiana, nyamaza. Mara mbili kwa mwezi tunageuza ubishi wao kuwa mdahalo, pande mbili za mkeka, na mwezi mmoja tulifunga kwa ngonjera waliyoitunga wenyewe kuhusu foleni ya maji bombani. Wasichana wawili walioitunga hawakuwa wamesema neno tangu Machi.

Hatua ya 7: Nenda kwa wazazi kabla hawajakujia

Fomu ya uanachama inahitaji saini ya mzazi au mdhamini, na huko ndiko vijana wengi hukwamia. Mzazi mmoja aliniambia waziwazi, "Mwanangu namtuma huko akasome, siyo hadithi." Sikubishana naye. Nilimkaribisha Jumatano, akakaa nyuma kwenye benchi na kanga yake mapajani. Mwanawe ndiye aliyekuwa na kamusi siku hiyo. Tulipomaliza aliomba fomu, akasaini, kisha akauliza kama watu wazima nao wanaazima.

Kwa wasioweza kuja, andika barua fupi ya Kiswahili chepesi: siku, saa ya kuanza, saa ya kumaliza, jina lako na cheo chako. Saa ya kumaliza ndiyo wanayoitazama kwanza, hasa wenye mabinti. Ukisema saa kumi na nusu, iwe saa kumi na nusu.

Hatua ya 8: Novemba, wape wakubwa kazi

Kidato cha Nne wakimaliza mtihani, watatoweka usipowapa sababu ya kurudi. Wakati huo huo una wale wa darasa la saba wanaosubiri sekondari. Waunganishe. Mwaka jana, wiki moja baada ya karatasi yake ya mwisho, mvulana wa kiti cha dirishani alikuja bila daftari. Nilimpa kitabu, karatasi na penseli, nikamwambia aweke alama mahali atakaposimama. Alisoma dakika 14 mbele ya watoto 11, akafika kwenye alama yake, akafunga kitabu. Wakapiga kelele zile zile.