Rekodi gitaa kwanza, mashine zifuate

Ukitaka kuchanganya nyimbo za asili na midundo ya elektroniki kwenye albamu, anza na wimbo wenyewe: sauti yako na ala moja, bila metronomu, yaani kifaa cha kuhesabu mapigo. Nasisitiza hili kwa sababu nilipoteza miezi nikifanya kinyume chake. Nilitengeneza midundo, kisha nikajilazimisha kuimba ndani yake. Nyimbo za asili hupumua mwishoni mwa mstari, na mashine haisubiri mtu avute pumzi.

Weka maikrofoni sentimita 20 hadi 30 kutoka kwenye gitaa, uielekeze pale shingo inapokutana na kiwiliwili. Ukiielekeza kwenye tundu, mvumo utafunika nyuzi. Rekodi kwa ubora wa biti 24, sauti ya juu kabisa isipite desibeli -6 kwenye kipimo cha programu ya kurekodia. Vidole vikikwaruza nyuzi, usifute. Mimi huipenda sauti hiyo kuliko noti nyingine nyingi.

Sasa fungua rekodi kwenye programu hiyo, sikiliza polepole, weka alama kila baada ya mapigo manne. Wimbo wangu mmoja unaanza na mapigo 92 kwa dakika na kuishia 97. Programu ikishafuata alama zako, ngoma za mashine nazo zitakaza mwendo pale ulipokaza na kulegea pale ulipolegea. Kazi hii hairukwi. Wimbo wa dakika 4 hunichukua jioni nzima.

Kabla ya kugusa sintesaiza, yaani kinanda cha elektroniki, pima gitaa limetyuniwa wapi. Langu ni kuukuu, shingo yake haivumilii nyuzi zilizokazwa sana, kwa hiyo noti ya A ipo kwenye hezi 432 (mitetemo kwa sekunde) badala ya 440 ya kawaida. Sintesaiza naishusha senti 32, yaani karibu theluthi ya nusu toni. Usipofanya hivyo, kila noti ndefu itatetema, wuu-wuu-wuu, na utabadilisha kodi (noti zinazopigwa pamoja) bure ukidhani kosa liko huko.

Kwenye kumiksi, yaani kusawazisha sauti zote pamoja, kata sauti za gitaa zilizo chini ya hezi 80. Uzi mnene ukiwa kwenye tyuni ya kawaida unaanzia 82 hivi, kwa hiyo hupotezi kitu, na bezi inapata nafasi.

Mwisho, zima traki zote (sauti zilizorekodiwa moja moja) ubaki na ile ya kwanza, kisha zirudishe moja moja. Traki ambayo nikiirudisha siyasikii tena maneno, naifuta, hata kama niliifanyia kazi wiki nzima.