Kabla ya Kupanda Mimea ya Kudumu Kwenye Ardhi ya Chumvi, Fuata Kwanza Njia ya Maji

Mkulima anayeona utando mweupe ukitanda shambani mwake aghalabu hukimbilia kutafuta mbegu inayostahimili chumvi. Uzoefu wa Australia Magharibi, ambako zaidi ya hekta milioni moja za ardhi ya kilimo zimeathirika, unaonyesha kwamba kazi ya kwanza ni kujua maji yanatoka wapi, kwa sababu ndiyo yanayoibeba chumvi hiyo hadi juu.

Mmoja wa waliolitambua jambo hili mapema alikuwa mhandisi wa reli, W. E. Wood, aliyefuatilia jinsi maji ya kulishia injini za mvuke yalivyogeuka kuwa ya chumvi baada ya misitu ya jirani kufyekwa, na mwaka 1924 akachapisha maelezo yake. Ufyekaji haukukoma, katika miaka ya 1960 sera ya jimbo hilo ilikuwa kufungua ekari milioni moja mpya kila mwaka.

Kwa maelfu ya miaka mvua ilileta chumvi ya bahari kidogo kidogo, nayo ikajikusanya ardhini chini ya mizizi ya mikaratusi na vichaka vya asili, ambavyo vilinywa karibu mvua yote iliyonyesha. Sisi huku huulaumu mkaratusi kwa kukausha chemchemi, lakini kule ulafi wake ndio uliokuwa kinga ya ardhi. Ngano ilipochukua nafasi yake, ikiwa na mizizi mifupi na uhai wa miezi michache tu, maji yaliyobaki yalipenya chini, yakayeyusha chumvi na kuanza kupanda mwaka hata mwaka. Yakifika ndani ya mita mbili hivi kutoka juu, udongo huyavuta kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Jua likiyakausha, chumvi hubaki.

Kwa hiyo, kabla ya kununua mche wowote, chimba shimo jembamba lenye kina cha mita tatu au nne katika sehemu ya bondeni na usimike bomba la plastiki lililotobolewa matundu upande wa chini. Kila mwezi teremsha kamba yenye kipande kizito cha bomba kilicho wazi chini. Kikigusa maji utasikia mlio wa "chubwi", nawe utapima urefu wa kamba na kuuandika kwenye daftari. Miaka miwili ya vipimo hivyo itakuonyesha kama maji yanapanda, yametulia au yanashuka.

Mwaka 2001 kilianzishwa katika jimbo hilo kituo cha pamoja cha utafiti, kilichojengwa juu ya wazo kwamba mimea ya kudumu inaweza kurudishwa ndani ya kilimo chenyewe. Kwenye miinuko, ambako mvua hupenya kabla ya kuteremka bondeni, lusini (mmea wa malisho ya mifugo ambao wengine huuita alfalfa) hupandwa kwa miaka mitatu au minne kisha shamba likarudishiwa nafaka, kwani mizizi yake hushuka zaidi ya mita mbili na huendelea kunywa hata kiangazi. Wengi hukosea kwa kuipanda mahali palipokwisha kuharibika. Mavuno ya lusini huanza kupungua chumvi ya udongo inapozidi desisimensi 2 kwa mita (kipimo cha chumvi kinachotokana na jinsi maji ya udongo yanavyopitisha umeme), ilhali shayiri huvumilia hadi 8. Tena haipendi tindikali wala maji yaliyotuama. Itumike kuzuia chumvi isifike, si kuitibu ikishafika.

Mistari ya miti nayo isitarajiwe kufanya miujiza. Kwa kawaida hukausha ukanda mwembamba kandokando yake, na ili maji ya bonde zima yashuke ingebidi sehemu kubwa sana ya ardhi ifunikwe na mimea ya kudumu, jambo ambalo hakuna mkulima atakayelifanya kwa hasara. Kwa maoni yangu hili ndilo funzo zito kuliko yote: mmea usiomlipa mkulima kwa malisho, kuni au mafuta hautaenea vya kutosha kuyapunguza maji.

Pale bondeni palipokwisha kuwa na chumvi, atripleksi, kichaka chenye majani ya rangi ya kijivu kama ya fedha, hupandwa kwa mistari yenye nafasi pana katikati ili nyasi ziote. Usiingize mifugo hadi miche ishike vizuri. Majani yake yana chumvi nyingi, hivyo kondoo wapewe maji safi wakati wote pamoja na mabua au nyasi kavu. Wakilishwa atripleksi peke yake hawanenepi.

Kwa msomaji wa tambarare za chini za Moshi au wa skimu nyingine ya umwagiliaji, tofauti moja ni muhimu. Huko chumvi na magadi vinahusiana zaidi na maji ya mfereji na ukosefu wa mitaro ya kutolea maji, hivyo mitaro na kiasi cha maji vishughulikiwe kwanza. Udongo wa magadi, ule unaoteleza ukilowa na kuwa mgumu kama tofali ukikauka, huhitaji pia jasi. Peleka sampuli maabara kabla ya kuamua, na bomba la kupimia usimike kabla ya msimu ujao wa kumwagilia, ili uwe na kipimo cha kulinganishia.