Somo: Kuchonga kona kwa ubao wa theluji, makali yasiponyoke

Wengi wetu tuliojifunza ubao ukubwani, hapa Colorado au kwa wenzetu wa Norway na Kanada, tukishaweza kushuka mlima bila kuanguka tunaona tumefika. Hebu simama, geuka, utazame ulikopita. Ukikuta theluji imefagiwa upana mzima wa ubao, ulikuwa unaburuza. Aliyechonga huacha mstari mmoja mwembamba, kama uliochorwa kwa ncha ya kisu.

Ubao una kiuno: mpana mbele na nyuma, mwembamba katikati. Ukiulaza ubavu na kuukanyaga, kile kiuno hushuka mpaka kiguse theluji, na makali ya chuma yanakuwa upinde. Upinde ndio unaokupeleka. Mbao nyingi za kawaida zina upinde wa nusu kipenyo cha mita 7 hadi 9. Ubao wenye upinde wa mita 8 ukiulaza nyuzi 60 kwenye theluji ngumu, utakata kona ya karibu mita 4. Kwa hiyo ukitaka kona kali, laza zaidi. Mguu wa nyuma uache kusukuma. Huo ndio unaong'oa makali.

Hatua ya 1. Tafuta mteremko mpana, ulioshindiliwa na mashine, asubuhi kabla haujachimbwa. Marekani anza na mteremko wenye alama ya kijani, yaani ulio rahisi. Austria na Uswisi alama rahisi ni ya buluu. Kabla ya kila mshuko tazama juu, maana kona hizi hukuvusha mteremko mzima, na anayetoka nyuma hatarajii.

Hatua ya 2. Nyoosha ubao chini, ukiwa bapa, kwa mwendo mdogo. Kunja magoti na vifundo, bonyeza muundi kwenye ulimi wa buti, ubao ulalie makali yaliyo upande wa vidole vya miguu. Halafu usifanye kitu. Subiri. Utapinda wenyewe mpaka uelekee juu na kusimama. Mimi nilishinda siku mbili nikirudia hili tu, na sijapata mazoezi mengine yaliyonifaa kama hayo.

Hatua ya 3. Sasa makali ya upande wa kisigino, na hapa ndipo wengi tunaponyoka. Tunanyoosha miguu na kuinama kiunoni kama mtu anayekuna nazi. Makalio yanatoka nje ya ubao, uzito unayafuata, na makali yanaanza kutetemeka ta-ta-ta. Kaa kama unayekalia kigoda huku una ndoo ya maji kichwani: magoti yamekunjwa, kifua kimesimama, vidole vya miguu umevivuta juu ndani ya buti. Fungua bega la mbele, macho yaende kona inakoishia. Mtetemo ukija, usikaze miguu. Kunja magoti zaidi ili yameze matuta. Rudia upande huu mara mbili ya ule wa vidole.

Hatua ya 4. Unganisha. Badili makali mapema, ubao ungali umekatiza mteremko, kabla haujatazama chini. Uzito uegemee kidogo mguu wa mbele unapoingia, kisha urudi katikati. Ulaze ubao kwa magoti na nyonga, mabega yabaki sambamba na mteremko. Ukishusha mkono ili uguse theluji, uzito unahama kutoka kwenye makali.

Hatua ya 5. Noa. Pitisha ukucha juu ya makali taratibu; yasipoutoa unga, yamekufa. Tumia tupa yenye kishikio cha pembe, nyuzi 89 au 88 kwa theluji ngumu, kisha jiwe la kunolea kuondoa vinyuzi vya chuma. Kausha ubao kila jioni usishike kutu.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Miguu yangu ni mikubwa. Nikilaza sana upande wa vidole naangushwa ghafla. Nakosea wapi?*

Marahaba mdogo wangu. Hukosei. Ncha ya buti inakwama kwenye theluji na kuyanyanyua makali. Sogeza vifungio, vile vinavyoshika buti kwenye ubao, ili buti lijitokeze sawasawa pande zote mbili, na ubao ujao chukua ulio mpana kiunoni.

*Kaka, vifungio niweke nyuzi ngapi? Mguu wa mbele nina 15, na wa nyuma 15 kinyume.*

Utachonga nazo, dada, ila goti la nyuma litakuvuta upande mwingine. Jaribu 27 mbele na 9 nyuma, miguu yote ikitazama mbele, uende ukiongeza polepole. Wa mashindano, kama Ester Ledecká wa Ucheki aliyechukua dhahabu ya Olimpiki Pyeongchang mwaka 2018, huvaa buti ngumu na kupita nyuzi 50. Buti zetu laini hazihitaji kufika huko.

*Niko Vermont, ndugu. Nimenoa, nimekaa kigoda, bado barafu inanimwaga.*

Pole sana. Huko theluji huyeyuka mchana na kuganda usiku, basi ngoja jua liilainishe kidogo. Punguza mwendo, na uzito uanze kuingia tangu mwanzo wa kona. Ukiukusanya wote mwishoni, makali yanaachia. Na ukiona mbele yako kitu kinang'aa kama kioo, weka ubao bapa upite moja kwa moja, kona uikate upande wa pili.