Supu Nzito ya Kamba na Ngisi kwa Tui la Nazi

Mimi supu hii huianza sokoni Deep Sea, hapa Tanga, asubuhi samaki wakiwa bado wabichi. Chukua kamba nusu kilo na ngisi mmoja wa wastani. Kamba waliokwisha kukatwa vichwa mwachie muuzaji. Utamu uko vichwani.

Wamenye kamba, toa uzi mweusi wa mgongoni, weka nyama kando. Maganda na vichwa vikaange kwa mafuta kidogo, kitunguu, thomu na tangawizi, ukivibonyezabonyeza kwa mwiko mpaka mafuta yageuke rangi ya chungwa. Hapo jirani ataanza kubisha hodi. Tia maji vikombe 4, chemsha dakika 20, chuja.

Kwenye maji hayo chemsha viazi mviringo 2, uviponde humo humo. Ndivyo vinavyoipa supu uzito. Unga wa ngano mimi siutaki kabisa.

Kuna nazi moja, uichuje mara mbili. Tui jepesi litangulie, pamoja na bizari, chumvi na pilipili mbuzi nzima, isipasuke. Tui zito ndiyo kazi: punguza moto, limimine, koroga bila kuondoka jikoni. Likichemka kwa fujo linakatika, mafuta juu, maji chini.

Likitokota taratibu, tia kamba, na baada ya dakika moja ngisi uliyemkata pete nyembamba. Dakika 2 nyingine zinatosha. Akizidi anakuwa mpira. Epua, ndipo ukamue ndimu. Mkate wa mofa ukipatikana, chovya, ukikosekana, boflo.