Ras Mkumbuu kwa siku moja, msikurupuke

Jamani mkitaka kwenda magofu ya Ras Mkumbuu, kule Pemba, kwanza ulizieni maji ya bahari yanajaa au yanakupwa saa ngapi, maana boti ya kutoka Wesha ikikuta yashakupwa mtashukia mbali mtembee kwenye tope, mie kandambili yangu moja ilibaki hukohuko. Bei patana kabla hujapanda, kwenda na kurudi. Mtembezaji chukua mtu wa hapohapo Pemba, akuoneshe msikiti wa mawe na yale makaburi ya nguzo, ya tangu karne ya 14 hivi, si ya kupita mbiombio. Ukuta usiupande basi, hata kwa selfi! Maji ya kunywa na chakula beba. Mkiwahi kurudi, piteni mjini Chake Chake mle pweza.