Jinsi ya Kurekodi Uchavushaji wa Yungiyungi kwa Somo la Biolojia Chuoni

Juma lililopita nilimsaidia mwalimu mwenzangu kuandaa video ya uchavushaji wa yungiyungi la buluu, Nymphaea nouchali. Kwa kuwa mimi mwenyewe niliwahi kupoteza asubuhi tatu bwawani kwa kazi hiyohiyo, nimeona niandike utaratibu wote.

Ua hili hubadili jinsia. Siku ya kwanza ni la kike: stameni (sehemu za kiume zinazotoa chavua) husimama kuzunguka kikombe cha stigma (sehemu ya kike inayopokea chavua) kilichojaa majimaji, na mdudu aliyetoka kwenye ua jingine akiteleza humo, chavua aliyoibeba huoshwa mwilini mwake, na pengine yeye mwenyewe akafia humohumo. Siku zinazofuata majimaji hayapo tena, stameni huinama kukifunika kikombe, na ua huanza kutoa chavua. Mchoro wa kitabuni huonyesha sehemu zote kwa pamoja, ndiyo maana wanafunzi hudhani kwamba ua hujichavusha lenyewe.

Hatua ya 1: Tumba. Jioni, tafuta tumba lililokwisha kufika juu ya maji lakini halijafunguka, ulifunge uzi mwekundu kwenye kikonyo. Usirekodi ua ulilolikuta limefunguka, hata likipendeza vipi, kwa sababu hutaijua siku yake. Vaa gambuti, maana maji yaliyotuama yenye konokono huweza kuwa na kichocho.

Hatua ya 2: Vifaa. Simu, stendi ya miguu mitatu na pawabenki vinatosha. Sioni haja ya kamera ghali. Natumia Open Camera, programu ya bure inayopiga picha yenyewe kwa vipindi. Picha moja kila sekunde 10, kuanzia saa moja asubuhi hadi saa saba mchana, hukupa picha 2,160, ambazo zikichezwa 30 kwa sekunde huwa video ya sekunde 72.

Hatua ya 3: Fokasi, mwangaza na upepo. Hapa ndipo asubuhi zangu tatu zilipoishia. Nilipofungua picha za siku ya kwanza nilikuta mawingu yaliyoakisiwa majini yameonekana vizuri kabisa, na mbele yake doa la buluu lisilo na umbo, kwa kuwa simu ilikuwa ikijichagulia cha kutazama. Chagua fokasi iliyofungwa, gusa katikati ya ua mara moja, kisha usiguse tena. Mwangaza nao ukiachwa ujipange wenyewe, video humemeteka kama taa mbovu. Ukiufunga saa moja asubuhi, kufikia saa nne petali zimekuwa nyeupe pe. Mimi huufunga saa moja na nusu, nikaufunga upya saa tatu, nikikubali mruko mmoja mdogo kwenye video. Wapo wanaosimika mwavuli ili mwanga usibadilike, lakini siushauri, kwa sababu ua hili ni la mchana na linahitaji jua, na kivuli kinaweza kuwafukuza wadudu unaowasubiri. Halafu kuna upepo: kikonyo ni laini, na ua huelea hadi nje ya picha bila wewe kujua. Chomeka mwanzi kando yake, ukifunge kikonyo chini ya maji kwa kitambaa kilicholegea. Kamba ngumu ilikikata cha kwangu asubuhi ya pili, na tumba nililolisubiri likapotea.

Hatua ya 4: Wadudu. Nyuki hutua na kuondoka kabla sekunde 10 hazijatimia, kwa hiyo simu ya pili irekodi video ya kawaida kwa dakika 20, siku ya kwanza na ya pili.

Hatua ya 5: Kuhariri. Unganisha picha kwa Shotcut, programu ya bure ya kuhariri video. Usiweke muziki.

Hatua ya 6: Maswali. Ipakie video kwenye H5P (zana ya kuweka maswali ndani ya video) iliyomo katika Moodle, mfumo wa masomo ya mtandaoni, uisimamishe pale mdudu anapoteleza kwenye majimaji, kisha uulize: chavua hii imetoka ua la siku ya ngapi? Maelezo yako yaje baada ya jibu, si kabla. Faili lisizidi megabaiti 20, kwa kuwa wanafunzi wengi watalifungua kwa bando la simu.